Kila mtu amekisifu, mimi kimenishinda. Je, mimi si msomaji?

*"Mwalimu, nina miaka 44 na nauza nafaka hapa Nakuru. Mwaka huu nilijiunga na kikundi cha kusoma. Tuko kumi na wawili, tunakutana Jumapili moja kila mwezi. Wengi wanapenda fantasia: wachawi, majoka, falme zisizo kwenye ramani. Mmoja alisifia The Wheel of Time mpaka nikanunua kitabu cha kwanza, kinene kama tofali. Nimekaa nacho miezi mitatu. Niko ukurasa wa 140, nimerudi mwanzo mara mbili, na bado sijui nani ni nani. Nikisoma usiku baada ya kufunga duka nakishika mbali, mkono umenyooka, ndipo maandishi yatulie, halafu usingizi unanibeba. Binti yangu wa miaka 14 alikichukua likizo ya Aprili akakimaliza kwa wiki moja. Mwenzangu mmoja kikundini aliniambia nisijali, fantasia si ya kila mtu, lakini alivyosema nilijiona mjinga. Zamani nilisoma sana. Riwaya za Kiswahili za maktaba ya shule nilizimaliza zote. Je, nilazimishe au niache? Na Jumapili ijayo ni zamu yangu kupendekeza kitabu. Nitawapendekezea nini watu waliosoma kunishinda?"*

Dada, neno mjinga tuliweke nje kwanza, kisha tuongee.

Nimefundisha Kiswahili na fasihi katika shule za upili miaka ishirini na tatu, na sasa nauza vitabu kuukuu hapa Kisumu, vile vya kutandikwa chini ambavyo watu huviita inama kwa sababu mnunuzi sharti ainame. Haipiti wiki mtu hajanirudishia kitabu akisema maneno yako: kimesifiwa, nimekinunua, kimenishinda. Mara nyingi kitabu hakina kosa na mtu hana kosa. Kilichokosewa ni namna kilivyosifiwa.

Mtu anayekusifia mfululizo alioupenda huwa anasifia mwisho wake. Huo wako una vitabu 14. Cha kwanza kilitoka 1990. Mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki 2007 kabla ya kumaliza, na vitatu vya mwisho vikaandikwa na Brandon Sanderson kwa kufuata maelezo aliyoyaacha marehemu. Cha kufungia kilitoka 2013. Ikiwa mwenzako aliuanza akiwa kijana, ameishi na watu hao wa kubuni muda mrefu kuliko alivyoishi na baadhi ya shemeji zake. Anapokuambia "soma hiki" ni kama anakualika kwenye sherehe ya ukoo wake. Yeye akitazama uwanjani anaona wajomba, mashangazi, yule binamu mlevi. Wewe unaona umati wa wageni, na kila mmoja anataka umkumbuke jina. Alishasahau kwamba naye siku ya kwanza alisimama pale pale mlangoni, hajui akae wapi.

Sasa nikueleze kinachokuchosha, kwa sababu ukikijua hutajilaumu tena.

Chukua riwaya ya kawaida. Mwandishi akiandika kwamba mama mmoja alishuka kwenye matatu, akakimbia kufunika magunia ya mahindi kwa turubai kwa sababu wingu lilikuwa limeshaushika mlima Menengai, sentensi hiyo moja imekupa mji, msimu, biashara, wasiwasi na hata harufu ya vumbi linaloanza kulowa. Hakueleza lolote. Amekopa kwako. Mwandishi wa fantasia hana Nakuru ya kukopa. Fedha ya nchi yake haipo mfukoni mwako, miungu yake hujaiomba, na ukoo unaotawala hujui ulichukiwaje. Kila kitu inabidi akujengee huku hadithi ikiendelea, na wewe inabidi ukibebe hadi kifike mahali kitakapojishikilia chenyewe. Kichwa cha binadamu hubeba vitu vigeni vichache tu kwa wakati mmoja. Jina jipya ambalo bado halijafungwa kwenye sura, tendo au kicheko huanguka upesi.

Weka hilo kando ya saa zako za kusoma. Umeshinda ukipima maharagwe na kubishana na madalali. Usiku unapata dakika ishirini. Kesho hupati, keshokutwa umechoka, siku ya nne unarudi kitabuni na nusu ya mzigo imeshadondoka njiani. Ndiyo maana ukarudi mwanzo mara mbili. Binti yako alikuwa na likizo. Alikisoma asubuhi, akakisoma mchana, pengine na chini ya blanketi akakisoma, hivyo majina hayakupata nafasi ya kupoa. Hakukushinda akili, alikushinda likizo tu.

Kwa hiyo ninapoulizwa kitabu kizuri cha fantasia, swali langu la kwanza huwa ni "unasoma saa ngapi, na kwa vipande vya urefu gani?" Watu hunitazama kama daktari aliyeulizwa dawa ya kikohozi akauliza habari za paa la nyumba. Lakini msomaji wa vipande vidogo akipewa mfululizo wenye wahusika mia ataumia hata kama ana digrii tatu, na huyo huyo akipewa kisa kifupi chenye mtu mmoja wa kumfuata atakesha.

Nakataa pia ile kauli ya "si ya kila mtu", angalau kwa upande wako. Umelelewa nchi hii. Paukwa uliitikia pakawa. Bila shaka umewahi kusikia habari za Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay: bibi kizee mgeni alifika kijijini jioni watu wakilewa, akanyimwa hifadhi, mwanamke mmoja tu akamhurumia, na usiku ule maji yakakimeza kijiji. Uliposimuliwa hukuuliza bibi yule alipata wapi nguvu zake, wala maji yale yalitii sheria gani. Ulichojali ni kwamba alinyimwa. Au Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo aliyekuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikamgonga ikateleza, hadi adui walipojua kwamba uhai wake uko kivulini. Msomaji wa fantasia huyo hapo. Masikio yako yana mazoezi kuliko unavyodhani. Kilichokosekana ni mlango unaokufaa.

Milango nayo hutofautiana, na wanaopendekeza vitabu hawaitofautishi. Kuna vitabu vinavyokutupa katikati ya nchi ngeni na kukuacha uogelee. Huo wako una tabia hiyo. Kuna vingine vinamtoa mtu wa kawaida duniani kwetu na kumvusha upande wa pili, nawe unashangaa pamoja naye. Vile saba vya Narnia vya C. S. Lewis, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, vinakwenda hivyo: watoto wanaingia kabatini wanatokea kwenye theluji. Katama Mkangi wetu alifanya hivyo hivyo kwa Kiswahili katika *Walenisi*, 1995. Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa kwenye chombo cha kumpeleka kusikojulikana, na badala ya kifo anakuta nchi inayoendeshwa kinyume cha ile aliyoiacha. Ligawe jina la nchi hiyo polepole, utasikia "wale ni sisi". Na kuna vitabu ambamo huendi popote: ajabu ndiyo inakuja kwako, inabisha hodi, inakaa mezani. *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed ni ya namna hiyo. Kwa mtu anayerudi kusoma baada ya miaka mingi, milango hii miwili ya mwisho ndiyo yenye vizingiti vifupi.

Kuhusu kilicho mkononi mwako sasa, sikushauri ulazimishe. Kusoma kwa kujiadhibu kunamfundisha mtu kukikwepa kitabu, na wewe umeshaanza. Miezi mitatu kurasa 140 ni kukwepa. Lakini sikwambii ukitupe. Wapo niliowauzia vitabu kama hivyo wakaviacha, wakavirudia Desemba wakiwa mashambani kwao hawana duka la kufungua, wakavila. Ukikiweka hadi Desemba hujashindwa, umekipangia saa zake. Ukiamua kuendelea sasa hivi, basi badilisha namna: saa mbili mfululizo Jumapili zina faida kuliko dakika ishirini za usiku saba, na karatasi ya alamisho andikia majina matano tu, si zaidi, kila moja na tendo lake. Kwenye mfululizo mrefu usiingie pia bila kujua urefu wa safari. Huo wako angalau umekamilika. Ule wa George R. R. Martin ulioanza 1996 ulifikia kitabu cha tano 2011, na wasomaji wake tangu hapo wanasubiri cha sita. Tena wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sitataja mfululizo gani. Nina wateja watakaoninunia.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: chukua kifupi, ukimalize, urudishe imani.

Kwa saa zako ningekupa *A Wizard of Earthsea* ya Ursula K. Le Guin, ya 1968. Si kinene. Kinamfuata mtu mmoja, Ged, mtoto wa mfua shaba aliyechunga mbuzi kisiwani akiwa na kipaji asichokielewa. Kwa majivuno ya ujana anafungulia kitu ambacho baadaye inabidi akikabili mwenyewe. Hakuna majeshi ya kukariri. Halafu jambo ambalo lilinishtua nilipokisoma mara ya kwanza: Ged ana ngozi ya kahawia, mwandishi anasema wazi, miaka ambayo karibu kila mchawi wa vitabuni alikuwa mweupe. Udhaifu wake ni kwamba lugha imetulia mno, na anayetaka vishindo kila ukurasa atasinzia.

Ukitaka wazimu wenye kuchekesha, tafuta *The Palm-Wine Drinkard* ya Amos Tutuola wa Nigeria, iliyotoka 1952. Mlevi wa tembo anafiwa na mgema wake aliyeanguka kutoka juu ya mti wa tembo, basi anafunga safari kumfuata kwa wafu. Kiingereza chake kimepinda makusudi au bila makusudi, watu wamebishana miaka. Wewe kisome kwa sauti kama unayesimuliwa na jirani aliyechangamka, kitanyooka. Mwaka wake tazama tena: vitabu vitatu vya *The Lord of the Rings* vya Mwingereza Tolkien vilitoka 1954 na 1955. Anayekuambia fantasia ililetwa na Wazungu, mtajie Tutuola.

Vipo visifiwavyo sana ambavyo nisingekupa sasa. N. K. Jemisin alishinda Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, kwa riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, kwa vitabu vitatu vya hadithi moja, na anastahili. Lakini cha kwanza, *The Fifth Season*, sehemu kubwa kinakusemesha "wewe, wewe" na kuficha mambo kwa hila. Ni cha mtu ambaye miguu imeshapata nguvu. Kwa Kiswahili nasema vivyo hivyo juu ya *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi. Ni vitabu vyembamba vinavyomdanganya mnunuzi: unadhani utamaliza jioni moja, unajikuta wiki nzima unauliza umesoma nini. Na *Kusadikika* ya Shaaban Robert, 1951, watu huipendekeza kwa sababu ni nchi iliyo angani. Kweli iko angani, lakini humo ndani ni kesi: Karama anajitetea mahakamani kwa visa vya wajumbe sita. Ni siasa iliyovaa kanzu ya ajabu. Naipenda, ila anayengoja majoka asiniambie sikumwonya. Hata jina la kitabu linaweza kukupoteza. Nimemuuzia kijana *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammad Said Abdulla, akarudi amenuna kwamba mzimu hakuuona, ameona mpelelezi anayevuta kiko.

Sasa ule mkono ulionyooka.

Ulilitaja kama jambo la kupita, na kwangu ndilo lililopiga kelele kuliko yote uliyoandika. Kuanzia miaka kama arobaini, lenzi ndani ya jicho hupoteza wepesi wake wa kujikunja ili kuona kilicho karibu. Huwapata karibu watu wote. Dalili zake ndizo hizo hizo: kitabu kinasogezwa mbali, unatafuta taa kali, macho yanachoka, kichwa kinavuta, usingizi unakuja kabla ya ukurasa kuisha. Vitabu vinene vya fantasia, hasa toleo la jalada laini, mara nyingi huchapwa kwa herufi ndogo ili vitoshe. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka 46 nilimlaumu mwandishi mmoja muhula mzima kwamba anachosha, nikamnanga hata mbele ya wanafunzi. Nilipovaa miwani nilimwomba msamaha kimoyomoyo.

Mimi ni mtu wa vitabu, si wa macho, kwa hiyo hapa nakukabidhi kwa wenyewe: nenda kliniki ya macho hospitalini ukapimwe. Miwani ya kuchagua mezani barabarani inaweza kukukuzia herufi, lakini haitakuambia kama presha ya jicho iko sawa, na ugonjwa wa presha ya macho huanza kimya bila maumivu. Ikiwa uoni umefifia ghafla, jicho linauma, au unaona mimweko, usingoje nafasi ya Jumamosi, nenda siku hiyo hiyo. Kwa sasa, ukiweza kusoma kitabu kwenye simu au tableti, ongeza ukubwa wa herufi hadi mkono ukunjike. Na kama utapata miwani, ukalala vya kutosha, na bado hakuna kitabu hata kimoja kinachokupa hamu, na mambo mengine uliyoyapenda nayo yamekosa ladha, hilo pia lina mtu wa kuongea naye ana kwa ana, na si mimi.

Jumapili basi. Wamesoma mifululizo mingi, sawa, lakini wewe ulimaliza rafu nzima ya riwaya za Kiswahili, na nakuwekea dau kwamba kumi kati ya hao kumi na mmoja hawajafanya hivyo. Wapelekee *Adili na Nduguze*, Shaaban Robert, 1952. Ni kifupi, kila mtu atakimaliza ndani ya mwezi hata mwenye duka. Mtu mwema anashuhudiwa akiwachapa manyani wawili mijeledi usiku, na huku analia. Kumbe manyani hao ni ndugu zake. Mifupa ya kisa ilitoka kwa *Alfu Lela U Lela*, nyama akaitia Shaaban mwenyewe. Kuna majini, kuna husuda ya nduguze, na mabishano hayatakosekana kuhusu iwapo adhabu ilizidi. Ukiona Kiswahili chake kitawatisha, chukua *Land Without Thunder*, hadithi fupi za Grace Ogot, 1968, uwaambie waanze na ile ya Oganda, binti wa chifu anayetolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Kitafute maktaba ya umma hapo Nakuru kabla hujatoa pesa, na ukifika usichague peke yako. Mkalishe mkutubi dakika kumi, mwambie kitabu cha mwisho ulichokipenda na kwa nini.

Unapokisifia mbele yao, usiseme "ni kizuri sana, lazima msome". Waambie kinaanzaje, kinataka muda gani, na ni kipi ndani yake kitakachowakera. Sifa yenye onyo ndani yake ndiyo inayoaminika, nao huenda wakaiga.

Kuhusu tofali lako, mkabidhi binti. Mwombe akusimulie kitabu hicho mkichambua maharagwe, mhusika mmoja kila jioni. Ameshayabeba yale majina yote, na watoto wa miaka 14 hawaombwi mara nyingi na mama zao wawaeleze kitu.

Na yule mwenzako akikuuliza umefika wapi, mwambie ukweli, ukurasa wa 140. Kisha muulize yeye alikuwa na umri gani alipofika hapo, na duka lake lilikuwa likifungwa saa ngapi.